Wasichana na wavulana balehe ukimbizini Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu, wazazi, wanafunzi wa ustawi wa jamii na watu wa kujitolea tunaokutana nao hapa Dar es Salaam, mji ulio umbali wa takriban kilomita 1,250 kwa reli kutoka Kigoma, mkoa wanakoishi wakimbizi wengi wa nchi hii. Umbali huo unaonekana ndani ya maswali yenyewe. Mengi huanza kwa kudhani kwamba kambi ni mahali pa mahema na watoto wachanga, ilhali kambi ya Nyarugusu huko Kigoma imekwisha kuwa na umri wa kutosha kuwa na wazazi waliozaliwa humo humo.

Kijana balehe ni nani, na kwa nini asihesabiwe tu kuwa mtoto?

Shirika la Afya Duniani humwita balehe mtu mwenye umri wa miaka 10 hadi 19. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 humwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo wengi wao ni watoto kisheria, na wachache wa mwisho ni watu wazima ambao bado wanakua.

Sababu ya kuwahesabu peke yao ni kwamba huduma za ukimbizini zimejengwa kwenye ncha mbili za maisha. Mtoto mdogo ana chanjo, mizani ya kliniki na uji wa lishe; mtu mzima ana kadi ya mgawo, kamati za kambi na vikundi vya akiba. Aliyekwisha kupita umri wa kupimwa uzito na hajafika umri wa kushika kadi yake mwenyewe mara nyingi hana dirisha la kwenda kupanga foleni, na huo ndio umri ambao maisha ya msichana na ya mvulana huanza kuachana njia.

Jinsi na jinsia ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa katika mazungumzo watu huyachanganya maneno haya. Jinsi ni maumbile aliyozaliwa nayo mtu. Jinsia ni yale ambayo jamii inamtarajia ayafanye au asiyafanye kwa sababu ya maumbile hayo. Kuota matiti ni jambo la jinsi. Kuamshwa alfajiri kwenda kuteka maji huku kaka amelala ni jambo la jinsia. Lugha yetu yenyewe inashuhudia jinsi mambo haya mawili yanavyofuatana: msichana akipata hedhi ya kwanza tunasema amevunja ungo, na ungo ni chombo cha kupepetea nafaka, yaani siku hiyo hiyo anatajwa pamoja na kazi.

Tanzania inahifadhi wakimbizi gani, na wako wapi?

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2020 walikuwa zaidi ya 200,000, karibu wote kutoka Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na zaidi ya nusu yao walikuwa chini ya miaka 18. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, wengi wao Wabembe. Baada ya ghasia zilizoanza Bujumbura mwezi Aprili 2015, Warundi walimiminika tena, Nduta iliyoko wilayani Kibondo ikafunguliwa upya mwaka huo na Mtendeli ya Kakonko ikafuata mwaka 2016. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021.

Historia yetu ni ndefu kuliko kambi hizo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na mwaka 2014 takriban 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, inayotolewa kwa wanaowasaidia wakimbizi, mwaka 1983 kwa ukarimu wa nchi hii. Tangu hapo sera imekaza: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilotengewa, na kutoka nje ya eneo hilo kunahitaji kibali. Msomaji akiweke akilini kibali hicho, kwa sababu kitarudi katika majibu mengi hapa chini.

Ustawi wa kijana unapimwaje? Si kula na kusoma tu?

Wataalamu wana orodha zao: elimu, afya ya mwili na lishe, usalama wa mwili, afya ya akili, sauti katika maamuzi, na uwezo wa kujipatia kipato. Orodha hizo ni sahihi, lakini kwa maoni yangu zinamficha mtu. Kipimo ninachokiamini ni kuifuata siku yake saa kwa saa.

Wachukue ndugu wawili wa tumbo moja, msichana wa miaka 14 na kaka yake wa miaka 15. Si watu fulani ninaowajua. Ni ratiba inayofanana na nyingine nyingi. Saa kumi na moja alfajiri msichana yuko kwenye bomba na madumu mawili ya njano ya lita 20, na kwa kuwa maji hutoka kwa saa maalumu, madumu ya wenzake yamekwisha kushika nafasi mbele yake. Akichelewa bombani anachelewa shuleni, na shule ikiwa ina mikupuo miwili kwa uhaba wa madarasa, kuchelewa saa moja ni kukosa robo ya siku ya masomo. Mchana kuna kuni. Jioni kuna mafiga, wadogo wa kuogeshwa, na mama aliyejifungua juzi. Usiku unapoingia anajizuia kunywa maji ili asilazimike kwenda chooni gizani, kwa sababu choo kiko mbali na mlango wake hauna komeo.

Kaka yake ameamka saa kumi na mbili na nusu. Amewahi shuleni, amekaa mstari wa mbele. Alasiri amekwenda kutafuta kibarua cha kulima katika mashamba ya wenyeji nje ya mpaka wa kambi, kwa ujira mdogo anaoweza kunyimwa bila kuwa na mahali pa kushtaki, na njiani ana hofu ya kukamatwa kwa kukosa kibali. Jioni amekaa na vijana wenzake hana la kufanya.

Hakuna jambo hata moja katika siku hizo mbili linaloitwa tukio. Hakuna litakaloandikwa katika taarifa ya mwezi. Lakini ukizijumlisha saa, msichana amepoteza masomo na usingizi, na mvulana amepoteza usalama na heshima, na kila mmoja amevipoteza kwa sababu ya jinsia yake.

Kwa nini suala la kuni linatajwa kila mara?

Kwa sababu mgawo wa chakula ni unga wa mahindi, mikunde, mafuta na chumvi, na unga na mikunde haviliwi bila kupikwa, mikunde tena kwa muda mrefu. Maharage yaliyokaa sana ghalani hula kuni nyingi kuliko yaliyovunwa juzi. Miti ya karibu ilikwisha miaka mingi iliyopita, hivyo wanawake na wasichana huenda mbali, na huko ndiko wengi wamebakwa, wamepigwa au wamenyang'anywa mapanga na kuni zao. Kwa muda mrefu kanuni iliyojulikana ilikuwa kutovuka kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Mtafuta kuni hawezi kubaki ndani ya kilomita hizo. Kwa hiyo msichana aliyeshambuliwa alikuwa, kwa macho ya sheria, mahali asipopaswa kuwapo, na hilo pekee linatosha kumfanya anyamaze.

Mgawo ukipungua hatari huongezeka, kama ilivyokuwa mwaka 2023 uliposhuka hadi nusu ya kiwango cha kawaida, kwa kuwa kuni hazikusanywi tena kwa kupika tu bali pia kwa kuuza. Majiko banifu na gesi vimejaribiwa na vinasaidia, ila jiko lisilo na gesi ya mwezi ujao hugeuka kiti.

Ukatili dhidi ya vijana ni tatizo la kambini tu?

Sivyo kabisa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao ni vijana wa Tanzania kwa ujumla, na wa mtaani kwetu wamo. Kambi huongeza juu ya msingi huo msongamano, giza, umaskini na kukosa ndugu wa kukimbilia.

Sheria inasemaje kuhusu ndoa za utotoni, na kwa nini zinaendelea kambini?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na miaka 15 kwa msichana kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama iliweza kuruhusu hata akiwa na miaka 14 kwa sababu maalumu. Tarehe 8 Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi wa awali. Mwaka uliotolewa ulipita bila sheria kurekebishwa. Kwa upande mwingine, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, jambo linaloleta hali ya ajabu ambapo kinachomlinda msichana zaidi si umri wake bali daftari lake la mahudhurio. Akiacha shule, anaacha na ulinzi.

Kambini, ndoa hizi kwa kawaida hazina cheti wala sherehe. Msichana anatoroshwa, au anahamia tu kwenye kibanda cha mwanamume, na siku chache baadaye wazee wanakaa kuzungumza mahari ambayo huenda isilipwe kamwe. Sababu ya kwanza ni umaskini, lakini umaskini wa kambini una umbo lake. Mgawo hutolewa kwa kaya. Binti akianzisha kaya yake amepunguza mdomo mmoja kwa wazazi na amejipatia, angalau kwa matumaini, kadi na kibanda visivyo vya mama wa kambo. Sababu ya pili ni woga: mzazi anayejua kinachotokea kwenye kuni na chooni humwona mume, hata awe na miaka arobaini, kuwa ni mlango wenye komeo. Anayemhukumu mzazi huyo bila kwanza kuuliza habari za choo na kuni hatamshawishi kwa lolote. Sababu ya tatu haisemwi sana, nayo ni kwamba wapo wasichana wanaoolewa kwa hiari yao wenyewe kwa kuchoka kulea wadogo bila shukrani, na kuwaambia hao habari za haki zao bila kuwapunguzia kazi ni kupoteza muda.

Je, msichana aliyejifungua anaweza kurudi shuleni?

Katika shule za Tanzania, ndiyo. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na hivyo kuondoa zuio lililokuwa limekaziwa hadharani mwaka 2017. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, kutoka asilimia 27 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Kwa hiyo si jambo la wachache.

Ruhusa ni nusu ya njia. Nusu nyingine ni nani atakayembeba mtoto kuanzia saa moja asubuhi. Hili halikuanza leo. Wanafunzi wa Afrika Kusini waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya Juni 1976 walijengewa shule na chama chao cha ukombozi, ANC, huko Mazimbu, Morogoro, kwenye ardhi iliyotolewa na Serikali yetu, na miongoni mwao wasichana walipata mimba kama vijana wa popote. Wapigania uhuru wale, pamoja na siasa zao zote za usawa, nao waligundua kwamba mama mwanafunzi bila kituo cha kulelea mtoto hasomi. Ndipo Mazimbu ikawa na kituo cha watoto kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke. Naona ajabu kwamba somo lililojulikana Morogoro tangu enzi hizo linawasilishwa Kigoma leo kama wazo jipya.

Hedhi inahusianaje na haya yote?

Taulo za kike ni bidhaa ya dukani, na kambini fedha taslimu ni adimu. Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo hizo katika bajeti ya 2018/19, kisha ikairejesha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Mashirika hugawa taulo au vitambaa vya kufua, na hivyo vya kufua ni vizuri ikiwa kuna sabuni, maji ya ziada na kamba ya kuanikia mahali pasipopitwa na kila mtu. Mara nyingi kinachokosekana ni hiyo kamba. Kitambaa kilichokaukia chini ya godoro hakijakauka.

Shule za kambini zinafuata mtaala gani?

Sheria ya mwaka 1998 inatambua haki ya mtoto mkimbizi kupata elimu ya msingi, lakini kambini hufuatwa mitaala ya nchi walizotoka, ya Burundi na ya Kongo, kwa hoja ya kuwaandaa kurudi kwao. Mtoto aliyezaliwa Kasulu, anayeongea Kiswahili sokoni, hufundishwa kwa Kifaransa na kufanya mtihani wa nchi ambayo hajawahi kuiona. Cheti chake hakimfungulii mlango wa shule ya Tanzania bila kulinganishwa na Baraza la Mitihani.

Kwa wavulana hili huzaa swali la ajira: nisome ili nifanye nini? Kwa wasichana huwapa wazazi hoja. Iwapo cheti hakina soko, na binti akiwa shuleni kazi ya maji na kuni humwangukia mama, kwa nini binti aendelee? Ndiyo maana darasa la chini huwa na wasichana na wavulana karibu sawa, na kadiri unavyopanda ngazi madawati ya wasichana yanaanza kubaki wazi.

Mbona mnazungumzia wasichana zaidi? Wavulana hawana shida?

Wanazo, na wafadhili wengi wamechelewa kuziona. Mvulana wa miaka 16 ukimbizini hutazamwa kama hatari inayosubiri kutokea. Polisi humtazama hivyo, wenyeji humtazama hivyo, na wazee wa kambi pia. Ndiye anayetumwa kutafuta fedha nje ya mpaka, kwa hiyo ndiye anayekamatwa. Baba aliyekuwa na ng'ombe na shamba Burundi, na ambaye sasa anapokea unga wa kupimiwa, hana cha kumrithisha. Na katika jamii ambako mwanamume huheshimiwa kwa kuoa na kujenga, kijana asiye na mahari hubaki mvulana hata akiwa na ndevu. Wengine huingia kwenye pombe ya kienyeji, wengine kwenye magenge, na wengine hurudi kimyakimya kuvuka mpaka bila kumuaga mtu.

Kisha kuna lile la mvulana 1 kati ya 7. Mvulana aliyebakwa karibu kamwe haendi kituoni. Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata huduma zote mahali pamoja, na madawati ya jinsia na watoto ya polisi, ambavyo ni hatua njema sana, watu wengi huviita "vya akina mama", na mvulana hawezi kuonekana amekaa kwenye benchi lile. Kubadilisha kibao cha mlangoni kungegharimu kopo moja la rangi.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba basi tuugawe msaada nusu kwa nusu. Anayeteka maji alfajiri ni mmoja, naye tunamjua.

Nani huwafunza mambo ya utu uzima wakiwa mbali na kwao?

Hili huulizwa sana na akina mama wa hapa Pwani, kwa sababu wanamfikiria kungwi. Kwa Wazaramo, mwali aliyevunja ungo huwekwa ndani, naye somo wake humfunda usafi, mume, heshima na siri za mwili, ingawa mafunzo yenyewe yanaweza kubishaniwa. Kwa Warundi kazi hiyo kwa desturi ilikuwa ya shangazi, dada wa baba, wanayemwita masenge. Baba haongei na binti mambo hayo, na mama naye huona haya.

Sasa fikiria familia iliyokimbia usiku. Masenge amebaki ng'ambo, au ameuawa, au yuko katika kambi nyingine. Pengo hilo halizibwi na bango lenye picha ya via vya uzazi. Vikundi vya wasichana vinavyoongozwa na mwanamke mkimbizi wa umri wa shangazi, anayezungumza lugha yao na anayekutana nao kila wiki mahali pamoja, hufanya kazi vizuri kuliko semina ya siku mbili yenye soda na fulana, kwa sababu ya kawaida kabisa: msichana huuliza swali lake la kweli katika mkutano wa tano, si wa kwanza.

Je, kijana anaweza kupima virusi vya Ukimwi bila mzazi?

Ndiyo. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea anaweza kuridhia kupimwa mwenyewe. Awali ilikuwa miaka 18.

Wakimbizi vijana wapo Dar es Salaam pia?

Wapo, na wamekuwapo muda mrefu. Katika miaka ya 1990 vijana wa Kirundi waliokulia kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuja hapa na kukaa nyuma ya cherehani za mafundi nguo, wakificha asili yao na kuchunga lafudhi. Wachache wana vibali halali vya matibabu, masomo au usalama. Wengine hawana karatasi yoyote.

Nilikaa siku moja kwenye benchi la kliniki moja ya hapa mjini, na mbele yangu alikuwa msichana wa miaka kama 17 aliyembeba mtoto kwa kitenge. Nesi hakuwa mkali. Aliuliza maswali anayomuuliza kila mtu: jina, umri, unaishi mtaa gani, mjumbe wako nani. Msichana alijibu, "Ninaikala," akajikata, akasema upya, "Naishi hapa hapa karibu." Neno lile moja la Kiswahili cha Kongo lilitosha. Hakuna aliyemkemea, lakini aliposikia neno mjumbe alisema anakwenda kununua daftari la kliniki, na hakurudi. Mtoto alikuwa anakohoa.

Katika mji ambao kila huduma huanza na barua ya serikali ya mtaa au namba ya NIDA, mtu asiye na karatasi hahitaji kufukuzwa. Wasichana huumia zaidi kwa hili kwa kuwa ndio wenye sababu nyingi za kwenda kliniki, na wavulana huumia zaidi barabarani, ambako wao ndio husimamishwa.

Hali ya nchi nyingine ikoje?

Inafanana kwa mambo ya msingi. Nchini Yordani, takwimu zilizotolewa na UNICEF mwaka 2014 zilionyesha kwamba sehemu ya ndoa za Wasyria zilizosajiliwa ambazo bi harusi alikuwa chini ya miaka 18 ilipanda kutoka asilimia 12 mwaka 2011 hadi karibu asilimia 32 mwanzoni mwa mwaka 2014. Sheria ya huko ilisema 18, ila kadhi aliweza kuruhusu chini ya hapo. Uganda hutoa kipande cha ardhi na uhuru wa kutembea, na hilo humwondolea mvulana hofu ya kukamatwa. Kuni na maji ya alfajiri hubaki kwa msichana.

Kuwasaidia wakimbizi si kuwapendelea kuliko wananchi wa Kigoma?

Swali ni halali. Kigoma ni miongoni mwa mikoa maskini, na msichana wa kijiji jirani na Nduta naye anatembea kwenda kutafuta kuni, tena katika msitu ule ule. Mipango iliyofanikiwa ni ile iliyojenga kisima, zahanati au kituo cha vijana mahali ambapo pande zote mbili hufika. Masoko ya pamoja, kabla hayajafungwa, yalikuwa mahali ambapo vijana wa kambini na wa vijijini walifahamiana kama wauzaji na wanunuzi; kufungwa kwake kuliwaumiza wakulima wa Kasulu na Kibondo vilevile.

Nina msichana wa kazi aliyeletwa kutoka Kigoma, na nadhani ni mkimbizi. Nifanye nini?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Kwanza, usimpeleke stendi na kumpandisha basi peke yake kwa kuogopa matatizo. Wasichana wengi hupotea njiani kwa namna hiyo hasa. Muulize umri wake kwa upole na usitegemee jibu la kwanza. Akiwa chini ya miaka 14, sheria za kazi hazimruhusu kuajiriwa kabisa. Akiwa na zaidi ya hapo lakini chini ya 18, haruhusiwi kazi zinazomdhuru au kumzuia kusoma, na kulala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri ni kumdhuru.

Mwone afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa yako, au piga simu ya watoto namba 116, ambayo hailipiwi, kabla hujamwita mtu aliyemleta. Mratibu wa safari yake anaweza kuwa ndugu mwema, na anaweza kuwa anayekusanya mishahara ya wasichana kumi. Suala la hadhi yake ya ukimbizi liachie Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kupitia kwa afisa huyo. Mweleze msichana kila hatua kabla haijachukuliwa, kwa kuwa huenda kambini ana mama ambaye yeye humtumia fedha, au mtu ambaye yeye humwogopa. Mshahara wake wa miezi iliyobaki umlipe yeye mwenyewe, mkononi, mbele ya shahidi mmoja mwanamke, na asilazimishwe kutia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma.